Degedege la salamu, na taka zinazokwama ndani ya seli za ubongo

Kuna degedege lisilofanana na degedege. Mtoto ana miezi minne, mitano au sita. Hana homa. Hakakamai wala hatoi povu. Amepakatwa na mamake, mara kichwa kinainama, kiwiliwili kinajikunja, mikono inatupwa mbele kisha inarudi. Ni sekunde moja au mbili, basi. Anatulia kidogo, halafu anarudia. Anarudia tena na tena, mara kumi, mara ishirini kwa mfululizo mmoja, na aghalabu ni pale anapoamka usingizini. Nyanya husema ni mchango unamsokota. Jirani husema amestushwa na kelele. Na wako wanaocheka kwa mapenzi: tazameni, huyu mdogo ashajua kuamkia wakubwa!

Hilo la kuamkia si la kwetu peke yetu. Mwaka 1841 tabibu wa Kiingereza, William James West, aliliandikia jarida la The Lancet barua akieleza hali hiyohiyo kwa mwanawe mwenyewe, akaomba mwenye kujua tiba amsaidie. Ndani ya barua alitaja kuwa daktari mmoja wa London, aliyekwisha kuona watoto wengine wa namna hiyo, aliyaita mashambulio hayo "salaam", kwa vile mtoto huinama kama mtu anayetoa salamu. Neno ambalo sisi hulitumia mara mia kwa siku likaingia kwenye vitabu vya utabibu likiwa jina la maradhi ambayo wengi wetu hatuyajui.

Si mchango. Ni kifafa cha watoto wachanga, tena katika vile vilivyo vibaya zaidi, japo kwa macho ndicho kinachoonekana kidogo kuliko vyote. Mtoto aliyekwisha kuanza kutabasamu, kugeuka na kushika vitu huweza kuyaacha hayo yote katika muda wa wiki chache. Sababu zake ni nyingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi ya ubongo, na ubongo ulioumbika kwa namna isiyo ya kawaida. Makala haya ni juu ya sababu moja kati ya hizo, maradhi ya jeni yaitwayo tuberasi sklerosi, ambayo matabibu huyaita kwa ufupi TSC. Nimeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, alama yake mara nyingi iko juu ya ngozi, na kuitazama hakugharimu hata shilingi. Pili, ni katika maradhi machache ya ubongo ambayo sayansi imefika mpaka ndani ya seli ikaona ni swichi gani iliyoharibika.

Jina tuanze nalo. Mwaka 1880, mjini Paris, daktari Désiré-Magloire Bourneville aliuchunguza ubongo wa binti wa miaka 15 aliyekufa baada ya kuteswa na kifafa tangu utotoni. Juu ya mikunjo ya ubongo alikuta vinundu vigumu, vyeupe, vilivyotuna. Kwa Kilatini kitu kilichotuna namna ya kiazi huitwa tuber, na ugumu ukaitwa kwa neno la Kigiriki. Basi maradhi yakawa, kwa tafsiri ya moja kwa moja, "ugumu wa viazi". Katika makala haya nitaviita viazi tu, maana ndivyo Bourneville alivyoviona.

Viazi hivyo hujijenga mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Havitokani na kuanguka, wala na homa, wala na kitu alichokula au alichokiona mama mjamzito. Na haviko kila mahali; ubongo uliozizunguka sehemu hizo unaweza kufanya kazi yake vizuri. Taabu ni kwamba pale penye kiazi, na hasa kandokando yake, seli hupigiana kelele za umeme zisizo na mpango, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia. Kati ya wenye TSC, wanaopata kifafa ni kiasi cha 80 mpaka 90 kwa kila 100, na wengi huanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Ndani ya kiazi kuna nini? Hapa naomba msomaji anifuate kidogo, kwani ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Mwenye kuijua Amu atanielewa upesi. Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi gari. Kila kinachoingia, iwe ni mchanga, saruji au magunia ya unga, hubebwa na punda au na mtu, na kila kinachotoka, kifusi na taka, hutoka kwa njia ileile nyembamba. Nyumba kongwe ikibomoka fundi hatupi kila kitu. Mawe ya matumbawe huchaguliwa yakajengewa ukuta mwengine, na boriti iliyo nzima hutiwa dari nyengine. Tena tuna mfano mkubwa zaidi wa zama hizi: chombo cha Flipflopi, kilichoundwa hapahapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki na ndara zilizookotwa pwani, kikashushwa majini 2018, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga hadi Unguja. Taka iliyokuwa ikisonga kasa ikawa chombo cha kusafiria.

Seli ya mwili hufanya kazi hiyo kila siku bila kuonekana. Ndani yake kuna protini zilizochakaa, vinu vya nishati vilivyopasuka, na mabaki ya kazi ya jana. Hizo taka huzungushiwa utando, ukawa kama gunia lililofungwa mdomo, kisha gunia hupelekwa kwenye kifuko cha asidi kiitwacho lisosomu. Humo mna vimeng'enya vinavyovunjavunja kila kitu mpaka vipande vidogo kabisa, na vipande hivyo hurudishwa kujengea vitu vipya. Mbelgiji Christian de Duve, ambaye ndiye aliyezitambua lisosomu, mwaka 1963 aliiita kazi hii otofajia, neno la Kigiriki lenye maana ya kujila. Jina linatisha, lakini maana yake ni fundi anayechagua mawe kwenye kifusi chake mwenyewe.

Kwa seli za ngozi au za utumbo, taka ikizidi si balaa kubwa, kwa kuwa seli hizo hufa na mpya zikazaliwa. Seli za ubongo nyingi ni zilezile tangu utoto mpaka uzee. Nyumba hiyo haina mpangaji mpya. Ikiwa haikusafishwa, aliyemo atakaa na taka zake.

Sasa, nani anayetoa amri ya kujenga au kusafisha? Kila seli ina msimamizi aitwaye mTOR. Chakula kikiwa tele, mTOR husema: jengeni, ongezeni ukuta, na wabeba taka wapumzike. Chakula kikipungua, mTOR hunyamaza. Ujenzi husimama, na punda wa taka wakaanza kutoka mmoja mmoja. Ni mpango wa hekima, ilimradi msimamizi awe na wa kumzuia. Wazuiaji wake ni protini mbili zinazofanya kazi zikiwa zimeshikana, hamartini na tuberini. Ya kwanza hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni TSC1, iliyo kwenye kromosomu ya 9, na ya pili kwa jeni TSC2, iliyo kwenye kromosomu ya 16. Jeni TSC2 ilitambuliwa mwaka 1993, na TSC1 mwaka 1997. Ikiharibika mojawapo, breki imekatika, na mTOR husema "jengeni" usiku na mchana.

Hebu fikiria kichochoro ambacho kila siku chaingia mawe na mchanga, na hakuna punda hata mmoja anayeruhusiwa kutoa kifusi. Hiyo ndiyo hali ya seli ndani ya kiazi. Chini ya darubini huonekana seli zilizovimba, kubwa mara nyingi kuliko jirani zake, zenye umbo lisilojulikana kama ni za mishipa ya fahamu au za kuitegemeza. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wa vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa watoto wenye kifafa sugu, wakiwemo wenye TSC. Ndani ya zile seli kubwa walikuta protini ambazo kwa kawaida huwa zimeshachukuliwa na kuvunjwa zimerundikana, na wakaonyesha kuwa mrundikano huo unafungamana na mTOR iliyokosa wa kuizuia.

Mtu atauliza, na ana haki: pengine taka ni dalili tu, na kifafa kina sababu nyengine? Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa kwa sehemu mwaka mmoja kabla. Watafiti wa Marekani waliwachukua panya ambao jeni zao za TSC ni nzima, wakazima jeni moja tu inayohitajika kwa otofajia katika seli za ubongo wa mbele. Panya hao wakapata kifafa. Breki ilikuwapo, msimamizi alikuwa na adabu zake, na bado taka peke yake ilitosha kuleta mshtuko.

Uchunguzi mwengine, wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliochapishwa 2014, unagusa upande wa pili wa maradhi haya, kwani karibu nusu ya watoto wenye TSC huonyesha pia usonji. Ubongo wa mtoto huzaa viungo vingi vya mawasiliano baina ya seli, vingi kuliko vinavyohitajika, kisha wakati wa kukua hupogoa vile vya ziada, kama mwenye shamba anavyopogoa mkorosho. Watafiti walihesabu viungo hivyo katika ubongo wa vijana waliokufa, waliokuwa na usonji na wasiokuwa nao. Kwa wasio na usonji vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu kufikia mwisho wa utoto. Kwa wenye usonji vilipungua kwa asilimia 16 tu. Kisu cha kupogolea, kwa mujibu wa kazi hiyo, ni hiyohiyo otofajia. Panya wenye kasoro ya TSC2 walipopewa dawa ya kuizuia mTOR, kupogoa kulirejea. Panya walionyimwa otofajia kabisa hawakunufaika na dawa hiyo.

Si kwamba wataalamu wote wanasema sauti moja. Mwaka huohuo 2014 watafiti wa Boston walionyesha kuwa katika seli za neva zilizokosa breki kuna kengele ya hatari ya seli yenyewe inayopiga na kulazimisha magunia ya taka yafungwe kwa wingi, hata mTOR inapokataza. Wao hawakuona punda waliozuiliwa, waliona msongamano. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu anayetafuta dawa ni kubwa, maana kuongeza punda kwenye njia iliyosongamana si tiba.

Hapa sina budi kusema neno juu ya saumu. Kila Ramadhani ikikaribia, simu zetu hujaa ujumbe kwamba Mjapani mmoja alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kuwa kufunga huponya maradhi yote. Mjapani yupo, jina lake Yoshinori Ohsumi, na tuzo aliipata mwaka 2016. Lakini alichokichunguza tangu miaka ya 1990 ni hamira, hii ya kuumulia unga. Aliinyima chakula ili aone inavyojisafisha, kisha akazitafuta jeni zinazoiendesha kazi hiyo. Hakumfungisha mtu, wala hakusema saumu ni dawa ya kifafa. Saumu ina heshima yake na malipo yake. Haihitaji kutetewa kwa habari ya uongo. Na kwa mwenye TSC jambo ni bayana zaidi: seli iliyokosa breki haisikii njaa. Hata ukaishindisha na njaa, mTOR itaendelea kuamrisha ujenzi. Basi asitokee mtu akamnyima mtoto mgonjwa chakula kwa kudhani anamsafisha ubongo. Upo mlo maalumu wa mafuta mengi ambao hospitali huwapa baadhi ya watoto wenye kifafa sugu, lakini huo hupimwa kwa gramu na kusimamiwa na wataalamu. Na mtu mzima anayemeza dawa za kifafa, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwani kuruka dozi na kukesha ni mambo mawili yanayoita mshtuko. Sheria imeshampa mgonjwa ruhusa yake.

Turudi kwenye dawa. Mwaka 1964 msafara wa wataalamu kutoka Kanada ulikwenda Rapa Nui, kisiwa kilicho peke yake katikati ya bahari ya Pasifiki, kile chenye masanamu makubwa ya mawe, wakachota udongo. Katika udongo huo, kwenye maabara ya mjini Montreal, mwanasayansi Suren Sehgal na wenzake walipata kijidudu kinachotoa kemikali ya kuua kuvu. Wakaiita rapamisini, kwa jina la kisiwa. Miaka mingi baadaye ndipo ikajulikana kuwa inaigusa protini ambayo hapo nyuma haikuwa na jina, na protini hiyo ikapewa jina kwa dawa: herufi za TOR zina maana ya shabaha ya rapamisini. Yaani msimamizi alijulikana kwa kupitia kitu kinachomnyamazisha. Mimi huona ni kisa kizuri kuliko vingi vya sayansi, kwamba udongo wa kisiwa kidogo ndio uliofungua mlango huu.

Ndugu wa dawa hiyo, everolimasi, iliruhusiwa Marekani mwaka 2010 kwa uvimbe fulani wa TSC unaokua katikati ya ubongo na kuziba maji yake. Uvimbe ambao zamani ulihitaji kisu ukawa unasinyaa kwa vidonge. Kisha ikajaribiwa kwa kifafa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 366 ambao dawa nyengine zilikuwa zimeshindwa waligawanywa makundi matatu. Waliopewa kiwango cha juu, 40 kati ya 100 mishtuko yao ilipungua kwa nusu au zaidi. Wa kiwango cha chini, 28. Na waliopewa vidonge vitupu, 15. Si muujiza. Sita kati ya kumi hawakufikia nusu. Dawa yenyewe huleta vidonda vya mdomo, hupunguza kinga ya mwili, hutaka damu ipimwe mara kwa mara, na bei yake si ya mvuvi wala ya mshona kofia. Wala haiyeyushi viazi vilivyokwisha kujengeka. Lakini ni mara ya kwanza dawa kumwendea msimamizi mwenyewe badala ya kuzima tu moto anaouwasha.

Kwa mtoto mchanga mwenye degedege la salamu, hata hivyo, si hiyo inayotangulizwa. Kwa wenye TSC dawa ya kwanza ni vigabatrini, na inapokosekana daktari hugeukia dawa za homoni kama prednisoloni, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana. Vigabatrini ina hatari ya kupunguza uwezo wa macho kuona pembeni, kwa hiyo macho huangaliwa. Jambo la kulijua wazazi ni kwamba dawa za kifafa si moja: karbamazepini, ambayo huwafaa wengi, inaweza kuizidisha hii ya salamu. Kumpa mtoto kidonge cha mjomba wake kwa kuwa "naye ana kifafa" ni kosa.

Je, mzazi ataijuaje TSC? Mvue mtoto nguo mchana, penye mwanga. Tafuta mabaka yaliyofifia rangi, ya mviringo au marefu yaliyochongoka kama jani. Tisa kati ya kila watu kumi wenye TSC wanayo, na aghalabu huonekana tangu miezi ya mwanzo. Juu ya ngozi yetu nyeusi yanaonekana vizuri kuliko juu ya ngozi ya Mzungu, ambayo daktari huhitaji taa maalumu. Watu huyadhania mbalanga au choa. Mbalanga huwa meupe pe na hutambaa. Haya yamepauka tu, na yamekaa palepale. Baka moja si neno, watoto wengi wanalo. Matatu au zaidi, yenye upana wa nusu sentimita na kuendelea, ndiyo ya kumwonyesha daktari, na yakiwa pamoja na mshtuko wowote ni ya kuonyeshwa leo, si kesho. Baadaye, kuanzia miaka ya mitatu au minne, hutokea vipele vidogo vigumu puani na mashavuni, ambavyo kijana huviita chunusi akavikamua bure. Wengine huwa na kiraka cha ngozi iliyokwaruza kiunoni, au vinyama kandokando ya kucha.

Maradhi haya hayakai ubongoni peke yake. Moyo wa mtoto unaweza kuwa na vivimbe ambavyo mara nyingi hupungua vyenyewe. Na figo huota vivimbe ambavyo kwa mtu mzima huweza kupasuka na kuvuja damu. Kwa hiyo aliyepona kifafa bado anahitaji kupimwa figo.

Nimefika penye neno zito. Kwetu mtoto akizaliwa na maradhi, swali la kwanza ni: walioana ni ndugu? La pili ni: kwao mama kuna nini? Kwa maradhi kama selimundu, kuoana ndugu kuna hesabu yake, kwa sababu mtoto lazima arithi jeni mbovu kutoka pande zote mbili. TSC haiendi hivyo. Jeni moja tu mbovu inatosha, kwa hiyo ndoa ya mabinamu siyo iliyoileta. Na katika kila familia tatu zenye mtoto wa TSC, kiasi cha mbili hakuna mzazi mwenye maradhi: kosa la uandishi wa jeni limetokea upya, katika yai, katika mbegu, au mimba ilipokuwa changa. Hakuna aliyelifanya. Mwanamke aliyerudishwa kwao kwa sababu ya mtoto huyo amedhulumiwa.

Penye mzazi mwenye jeni hiyo, kila mimba ina nafasi ya nusu kwa nusu. Naye anaweza kuwa mzima wa kutembea, hajapata kuanguka kifafa maishani, ana "chunusi" tu na mabaka mawili matatu mgongoni. Kwa hivyo wazazi wote wawili waangaliwe. Nasema wote wawili kwa makusudi, kwa sababu kwetu anayekaguliwa ni mama, baba hata shati havui.

Idadi? Makadirio ya dunia ni mtoto mmoja katika kila 6,000 wanaozaliwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu. Kwa hesabu ya karatasi, hao ni watu kama 20 au 24, wa Amu, wa Pate na Siyu, wa Faza, wa Mpeketoni na Witu. Kifafa chetu kingi kina sababu nyengine, hasa uzazi uliokwama, malaria iliyopanda ubongoni, na majeraha ya kichwa. Lakini hao ishirini na kitu wapo, na wengi wao yamkini maradhi yao hayajapata jina.

Jirani zetu wa Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na Wellcome imekuwa ikichunguza kifafa kwa miaka mingi, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 walikuta zaidi ya sita kati ya kila wagonjwa kumi hawako kwenye dawa. Miongoni mwa sababu walizozipata ni kulipia dawa, itikadi, na kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka penye tiba. Kilifi ina lami. Mama wa Kiwayu au Kizingitini huanza kwa mashua mpaka Amu, tena wakati wa kusi bahari haina huruma. Akitakiwa kipimo cha picha ya ubongo aghalabu avuke Mokowe, apande basi la Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa. Kabla ya hapo ameshapita kwa mwalimu kupata kombe na hirizi. Sina ugomvi na kombe. Dua na dawa havijapata kugombana. Kinachoumiza ni mwezi mzima uliopita baina ya kimoja na kingine, kwa mtoto ambaye ubongo wake unapigwa mara mia kwa siku.

Tena mtoto huyo akifika mbele ya daktari, yuko kimya, anacheka. Degedege la salamu halingoji foleni. Anayemwona humwona mzima, naye mama huonekana mwenye wasiwasi wa bure, akarudishwa na dawa ya tumbo. Kwa hilo simu ya mkononi inafaa kuliko maelezo. Akianza kuinama, mrekodi, mwili wote uonekane bila shuka, dakika nzima ikiwezekana ili daktari aone inavyorudia. Andika saa, na kama alikuwa ndiyo kwanza anaamka. Ukifika hospitali, King Fahd au zahanati yoyote iliyo karibu, onyesha video hiyo kwanza, kisha mfungue mtoto nguo umwonyeshe yale mabaka, hata kama hukuulizwa.